Nasahau kila neno ninalolikariri: nitakipataje Kiingereza cha kitaaluma?

"Mwalimu, hujambo? Mimi ni muuguzi wa miaka 38. Mwaka huu nimeanza shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Kisumu, na kila siku nasafiri kwa matatu kutoka Ahero. Kiingereza nakizungumza wodini bila kukwama, lakini msimamizi wangu amenirudishia pendekezo la utafiti akiwa ameandika ukingoni kwamba msamiati wangu si wa kitaaluma. Rafiki yangu alinipa kitabu cha maneno magumu, nikaanza kukariri maneno hamsini kwa siku na kuyanakili kwenye daftari. Baada ya wiki mbili nilijipima nikaona sikumbuki hata robo. Machache niliyoyakumbuka niliyatia kwenye pendekezo. Niliandika 'ameliorate the use of nets', na msimamizi akalizungushia duara jekundu. Je, ni umri? Au ni kwa sababu nyumbani tunazungumza Kijaluo na kazini nikichoka narudi kwenye Kiswahili? Kuna orodha ninayopaswa kuimaliza? Itanichukua muda gani?"

Sijambo, dada, na pole kwa duara hilo jekundu. Nikiisoma barua yako naona nyuma ya neno lile moja pana shaka kubwa zaidi: kwamba umechelewa, kwamba kichwa cha mtu wa miaka 38 hakishiki tena, na kwamba lugha ulizolelewa nazo zimekuzibia njia. Niliseme hili mapema ili usome mengine kwa utulivu: mtu anayekariri maneno hamsini kwa siku kutoka kitabu kisichohusiana na kazi yake atayasahau akiwa na miaka 38, na angeyasahau vilevile akiwa na miaka 18. Wewe unakumbuka majina ya dawa kwa mamia, pamoja na vipimo vyake na madhara yake, na hukuyapata kwa kukariri hamsini kwa siku. Uliyapata kwa kuzishika dawa zenyewe, kuyaandika kwenye chati ya mgonjwa, na kuulizwa ghafla na daktari asubuhi mkizunguka vitandani. Ishike picha hiyo, kwa maana mengi nitakayokueleza ni namna ya kuirudia njia ambayo tayari ulishaipita.

Kwanza, kuzungumza Kiingereza vizuri wodini na kukwama kwenye karatasi si kioja. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtafiti wa elimu nchini Kanada, alizitenganisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo, akaonyesha kwamba mtu anaweza kuimudu ya kwanza huku ya pili ikimlemea. Kwa watoto wa wahamiaji nchini humo, ya kwanza ilichukua takribani miaka 2, na ya pili kati ya miaka 5 na 7. Sababu yake utaiona ukijichunguza kazini. Ukimwambia mwenzako "hii punguza kidogo" huku umeelekeza kidole kwenye dripu, ameelewa. Dripu ipo, kidole kipo, na uso wako unamwambia kama jambo ni la haraka. Kwenye pendekezo la utafiti hakuna dripu wala kidole wala uso. Maneno yanabeba mzigo wote, na kwa hiyo yanapaswa kuwa mahususi zaidi kuliko yale yanayotosha mdomoni.

Kuna sababu nyingine, nayo imo ndani ya Kiingereza chenyewe. Lugha hiyo ina maghala mawili ya maneno. Wanormandi kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mambo ya utawala, mahakama na usomi yaliendeshwa kwa Kifaransa na Kilatini kwa karne kadhaa, huku watu wa kawaida wakiendelea na Kiingereza chao cha shambani na jikoni. Lugha hizo zikaja kuchanganyika, na baadaye wataalamu wa tiba na sayansi wakazidi kuchota kutoka Kilatini na Kigiriki. Ndiyo maana figo ni "kidney" mgonjwa anapolalamika, lakini maradhi yake ni "renal disease". Moyo ni "heart", lakini ukisimama ghafla huitwa "cardiac arrest". Anayejua ghala la jikoni peke yake husikika mwenye ufasaha mpaka siku anapotakiwa kufungua la pili.

Sisi tumezoea utaratibu mwingine. Chukua kitenzi "ugua". Kutokana nacho tunapata mgonjwa, ugonjwa, uguza, muuguzi na uuguzi, na mtoto wa shule ya msingi akilijua moja ameshayanusa mengine. Kwa Kiingereza cha kila siku, anayeugua, maradhi yenyewe na wewe unayemhudumia mna majina matatu yasiyofanana hata kwa herufi. Habari njema ni kwamba ghala la kitaaluma limepangwa zaidi kama la kwetu. "Vary" ina jamaa zake: "variable", "variation", "variance", "invariably", na hayo yote utakutana nayo kwenye somo la takwimu kabla muhula haujaisha. Kwa hiyo usijifunze neno likiwa peke yake. Ukiandika "assess" kwenye kadi, andika na "assessment", kisha ujiulize lipi ni kitenzi na lipi ni nomino, jinsi ambavyo mwalimu wa Kiswahili alikuuliza kuhusu "soma", "somo" na "msomaji". Viambishi vya mwanzo navyo usivipuuze. Wewe huwezi kuchanganya "hypertension", shinikizo la juu la damu, na "hypotension", la chini, kwa kuwa ukizichanganya mtu ataumia. Uangalifu huohuo ukiupeleka kwenye viambishi vichache vingine utafungua mamia ya maneno. Na tusijione wageni katika jambo hili: elimu, mwalimu, taaluma, mtaalamu na maalumu ni ukoo mmoja uliotujia kutoka Kiarabu. Kiswahili nacho kilikwenda sokoni kutafuta maneno ya usomi.

Sasa swali la orodha. Orodha ipo, na ni fupi kuliko unavyodhani. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, alichapisha orodha ya koo 570 za maneno ya kitaaluma, kila ukoo ukiwa ni neno pamoja na jamaa zake. Aliitoa kwenye mkusanyiko wa maandishi ya vyuo wenye maneno kama milioni 3.5, kutoka sanaa, biashara, sheria na sayansi, akiwa ameyaondoa kwanza maneno 2,000 ya kawaida kabisa yaliyokuwa yameorodheshwa na Michael West mwaka 1953. Alichokiona kinafaa kukutuliza. Maneno yale 2,000 ya kawaida yalichukua takribani asilimia 76 ya maandishi hayo ya kitaaluma, na koo 570 zikachukua kama asilimia 10. Kilichobaki ni istilahi za kila fani, majina, na maneno adimu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kila ukurasa wa makala ya kisayansi imejengwa kwa maneno unayoyatumia leo, na fungu la istilahi za afya umelibeba kwa miaka yote uliyovaa sare. Pengo lako liko hasa katika ile asilimia kumi ya katikati: "factor", "indicate", "assume", "significant", "derive", "consistent". Nimeipitia orodha hiyo mara nyingi na "ameliorate" haimo. Kitabu cha rafiki yako kimekupeleka kwenye duka la mapambo wakati ulihitaji misumari.

Hata hivyo, usiifanye orodha hiyo kuwa silabasi ya kukariri kuanzia A hadi Z. Itumie kama chujio. Ukikutana na neno usilolijua ndani ya makala unayoisoma kuhusu malaria, angalia kama limo. Likiwamo, linastahili kadi, kwa kuwa utakutana nalo tena kesho katika makala nyingine. Lisipokuwamo, na si istilahi ya fani yako, lielewe kwa kukisia, kisha uliache liende zake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na naomba uvumilie nikikaa kidogo. Kulijua neno ni zaidi ya kujua maana yake. Ni kujua linatembea na nani. Hebu mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili. Anafungua kamusi na kuona kwamba "piga" ni kuchapa. Kisha anasikia tukipiga simu, tukipiga pasi, tukipiga picha, tukipiga kura, tukipiga hatua, na ukaguzi ukifika tukipiga foleni. Maana ya kamusi haimsaidii. Anaweza kuikariri usiku kucha na asubuhi akasema "nilichapa simu", nasi tukacheka. Wewe katika Kiingereza cha kitaaluma ndiwe mgeni huyo. Kwetu "fanya" inatosha kwa kila kitu: tunafanya kazi, tunafanya kosa, tunafanya uamuzi, tunafanya utafiti, tunafanya mtihani. Kiingereza kinayagawanya hayo kwa vitenzi tofauti. Kazi ni "do", kosa ni "make", mtihani ni "sit", na utafiti ni "conduct" au "carry out". Mwanafunzi anayeandika "make research" anajua kila neno la sentensi yake, ila amewakalisha pamoja maneno yasiyosalimiana. Vivyo hivyo swali huwa "raised", hatari huwa "posed", na hitimisho huwa "drawn", ingawa hakuna aliyeshika kalamu ya kuchora.

Tukirudi kwenye duara lako, "ameliorate" ni kupunguza makali ya hali mbaya: maumivu, umaskini, dalili za ugonjwa. Matumizi ya vyandarua si hali mbaya; wewe ulitaka yaongezeke. "Increase the use of nets" ingepita bila duara, na ni neno ambalo umelijua tangu shule ya msingi. Msimamizi hakukataa neno kwa kuwa ni gumu au rahisi. Alilikataa kwa kuwa halikuwa mahali pake. Nami nakiri kwamba nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kujaza insha nzima maneno ya namna hiyo, na mhadhiri aliirudisha akiwa ameandika swali moja tu chini: "Unataka kusema nini?"

Kuna maneno ambayo wodini ni ndugu na kwenye tasnifu ni mahasimu. "Incidence" na "prevalence" zote mdomoni ni "wagonjwa ni wengi". Kwenye tasnifu yako, ya kwanza ni visa vipya vilivyotokea katika kipindi fulani, na ya pili ni visa vyote vilivyopo wakati fulani, vipya kwa vya zamani. Ukizibadilisha umebadilisha utafiti wenyewe. "Significant" nalo mtaani ni muhimu tu, lakini kwenye takwimu lina maana finyu: kwamba kama kusingekuwa na tofauti yoyote ya kweli, matokeo kama hayo yangetokea kwa nadra, kwa kawaida chini ya mara 5 katika 100. Tofauti inaweza kuwa "significant" kitakwimu na bado ikawa ndogo mno kumsaidia mgonjwa yeyote wa Nyando. Ukilitumia kwa maana ya "kubwa sana" mbele ya mtahini, jiandae kuulizwa.

Halafu kuna vitenzi vya kunukuu, na hapa Kiswahili chako ni mtaji. Hakuna kati yetu asiyejua tofauti ya "alisema" na "alidai". Ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba mshukiwa alidai hakuwapo, unajua mtangazaji amejiweka kando. Kiingereza cha kitaaluma kina ngazi hiyohiyo: "claim" ni kudai, "argue" ni kutetea hoja, "suggest" ni kudokeza, "find" ni kugundua kwa kupima, "demonstrate" ni kuonyesha wazi kwa ushahidi. Wanafunzi wengi huandika "prove" kila mahali, nalo ni zito mno kwa utafiti mmoja wa kijiji kimoja. Unachokihitaji ni kuipeleka kwenye Kiingereza tahadhari ambayo tayari unayo.

Tuone kwa karibu. Tuseme uliandika hivi: "Many people do not use nets because they feel hot and this makes malaria to go up." Jambo lenyewe ni sahihi, na yeyote aliyelala Ahero mwezi wa Februari anakuelewa. Lakini "makes malaria to go up" ni Kiswahili kilichovaa suti: hufanya malaria kupanda. Sasa soma hii: "Heat was the reason most often given for not sleeping under a net, and this may contribute to the rise in malaria cases." Tafuta neno gumu humo. Halipo. "Many people" imeondoka, na mahali pake pamekuja kile ulichokipima, yaani sababu iliyotajwa mara nyingi zaidi. Malaria haipandi tena. Kinachopanda ni idadi ya visa, kitu kinachohesabika. Na "may contribute to" inakiri kwamba joto ni sababu mojawapo na kwamba hukulithibitisha lote. "Contribute" limo katika ile orodha ya koo 570. Mabadiliko ni matatu tu, lakini sentensi imehama kutoka barazani hadi maktabani.

Kuhusu kusahau, kosa lilikuwa katika ratiba. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, aligundua kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema, katika saa na siku za kwanza, kisha upotevu hupungua kasi. Dawa yake ni kulirudia neno linapokaribia kupotea, na kila unapofaulu kulikumbuka unaweza kuliacha muda mrefu zaidi. Pili, kurudia kwa kutazama hakutoshi. Ukisoma daftari lako mara kumi unajihisi unayajua maneno kwa kuwa macho yameyazoea; akili haijalazimishwa kuyatoa yenyewe. Lazima ulifunike neno na ujaribu kulitoa kabla ya kufunua, hata kama utakosea.

Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, katika miaka ya 1970 alipendekeza chombo ambacho unaweza kukitengeneza kwa boksi la viatu na karatasi za manila. Kata kadi ndogo. Upande mmoja andika sentensi kutoka makala uliyoisoma, neno lenyewe ukiliachia pengo, na chini yake maana kwa Kiswahili au Kijaluo. Upande wa pili andika neno, jamaa zake, na mwenzi mmoja au wawili linaotembea nao. Boksi ligawe vyumba vitano. Kadi mpya huanza cha kwanza na hupitiwa kila siku. Ukiipata inahamia cha pili, cha kupitiwa kila baada ya siku tatu. Kisha wiki, wiki mbili, mwezi. Ukiikosa, hata ikiwa chumba cha tano, inarudi cha kwanza bila huruma. Kadi za siku zinaenea mfukoni mwa sare, na safari ya matatu kutoka Ahero inatosha kuzipitia kabla hujashuka. Zipo programu za simu zinazofanya hesabu hiyo kwa niaba yako, nazo ni nzuri. Mimi napendelea manila kwa kuwa kuandika kwa mkono kunakulazimisha kuchagua sentensi.

Idadi iwe maneno sita kwa siku, siku tano kwa wiki. Ukitoka zamu ya usiku usijifunze jipya lolote. Lala, kwa kuwa ni usingizini akili hutunza ilichokiokota. Na maneno hayo sita usiyaokote popote. Soma makala kadhaa mfululizo juu ya jambo moja, kwako ni vyandarua na malaria kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa sababu waandishi wa jambo moja hurudia maneno yaleyale, na neno huhitaji kukutana nawe mara nyingi, pengine kumi au zaidi, ndipo liwe lako. Anza na ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzo wa kila makala, ambazo ni fupi na zimeshiba. Kwa kuchagua makala kuna kipimo rahisi: hesabu maneno 100 ya mfululizo. Yakiwamo zaidi ya matano usiyoyajua, iweke kando kwa sasa, kwani kwa kiwango hicho ukurasa wa maneno 400 una mageni 20 na utageuka kazi ya kufungua kamusi. Watafiti wa usomaji, Paul Nation miongoni mwao, huzungumzia kuyajua maneno 98 kati ya 100 ndipo mtu asome bila msaada kwa raha. Usomaji wa kwanza usishike kamusi kabisa.

Mwishoni mwa wiki funga makala na uandike, bila kuitazama, aya moja ya Kiingereza inayoeleza walichokipata. Kisha fungua ulinganishe. Pale ulipoandika maneno mengi na wao wakatumia moja, hapo ndipo pengo lako lilipo, na ndipo kadi za wiki ijayo zitakapotoka.

Kijaluo na Kiswahili havijakuzuia. Anayeelewa sababu na matokeo katika lugha moja haanzi upya katika nyingine; anatafuta majina tu. Zungumza na watoto wako kwa Kijaluo bila hofu. Panapohitaji macho ni kwenye sentensi. Ni vyema kupanga hoja kwa Kiswahili kwa vidokezo, lakini si vyema kuandika aya nzima kwa Kiswahili kisha kuitafsiri, kwani utapata malaria inayopanda. Jihadhari pia na viungo vyetu vya Kenya: tunaandika "discuss about" kwa kuwa tunazungumza kuhusu, na "equipments" na "researches" kwa kuwa tuna vifaa na tafiti, ilhali Kiingereza cha kitaaluma hakitaki.

Kuhusu programu za akili unde, hujaniuliza, lakini najua utazikuta. Kuiuliza programu kwa nini "ameliorate" haifai pale ni kama kumuuliza mwalimu, mradi uthibitishe jibu kwenye kamusi nzuri ya wanaojifunza lugha, ile inayoeleza kwa maneno mepesi na kutoa mifano. Kuipa pendekezo lako ikulainishie ni jambo jingine. Karatasi itang'aa, kisha utasimama mbele ya watahini kutetea maneno usiyoyajua, na baadhi ya vyuo huhesabu hilo kuwa udanganyifu. Uliza kanuni za chuo chako kwanza.

Muda? Maneno 30 kwa wiki yangezimaliza koo 570 kwa wiki 19, na kwa kuwa nyingi unazijua nusu nusu, huenda ukamaliza mapema. Hiyo ni kuyatambua. Kuyatumia kwa mkono mwepesi huchelewa. Wanafunzi wangu watu wazima ambao hawakuacha walianza kuona tofauti kwenye maandishi yao baada ya muhula mmoja hivi, na kuandika kwa kujiamini baada ya mwaka au zaidi. Pendekezo lako halitangoja mwaka. Kwa hiyo lirekebishe sasa kwa maneno sahili yaliyokaa mahali pake, na uache msamiati ukue pamoja na tasnifu.

Kuna mambo ambayo jibu la kuandikwa haliwezi kuyatibu. Mstari mmoja ukingoni ni maoni hafifu, namheshimu msimamizi wako lakini lazima niseme hivyo. Omba dakika 15, mpelekee aya moja tu, na umwombe akuonyeshe kwa kalamu sentensi tatu zinazomsumbua. Mara nyingi hudhihirika kwamba alichokiita msamiati ni sarufi, au ni mpangilio wa hoja, na kadi hazitasaidia hapo. Ikiwa ni sarufi, mtafute mhadhiri wa stadi za mawasiliano chuoni mwako, au mwalimu mzuri wa Kiingereza wa sekondari, akae nawe wiki chache na maandishi yako mwenyewe mezani. Ikiwa tangu utotoni herufi zimekuwa zikikuchanganya na kusoma kunakuchosha kuliko wenzako hata kwa Kiswahili, muone mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Na kama siku hizi unasogeza karatasi mbali ili uione, pitia kwenye kliniki ya macho kabla ya kununua kitabu kingine chochote. Kuelekea miaka 40 macho ya wengi huanza kushindwa na vitu vya karibu, na nimeona zaidi ya mtu mmoja akiitupia lawama akili kumbe ni miwani.

Lile daftari usilitupe. Kata kurasa zake zilizobaki tupu ziwe kadi zako za kwanza, na uanze na "contribute".